Mtoto atafika ziwani tu, atafika na nani?
Maneno yetu mbele ya mkutano mkuu kuhusu matembezi ya Jumapili



Katika mkutano uliopita baba mmoja alisimama na daftari la matumizi mkononi. Akasoma mstari mmoja, akauliza: "Hapa mumeandika matembezi ya batoto. Sisi hatuna feza ya minervali, kuna mama ya batoto bane analala chini ya turubai, na ninyi munatembeza batoto? Juu ya nini?" Watu walipiga makofi, na walikuwa na haki. Sisi tulijibu vibaya. Tulitumia neno "saikolojia" mara tatu, kisha tukapita kwa jambo lingine. Baba yule akakaa chini hajajibiwa. Leo tumerudi na daftari lile lile, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, maana leo pia ndiyo siku ya kuamua kama mstari ule utabaki au utafutwa.

Tuanze na makosa yetu.

Matembezi ya kwanza tuliyapanga kiofisi. Tulikodi gari kubwa, tukapaka bango la kitambaa, tukagawa fulana. Watoto karibu sitini, na sisi wakubwa wanne. Wazazi tuliwaambia wabaki nyumbani wapumzike, tukidhani tunawasaidia. Tulishuka pwani upande wa Kalundu, watoto wakakimbia kila upande kama kuku waliofunguliwa banda. Picha zilitoka nzuri, kweli, wafadhili walizipenda. Lakini saa ya kurudi tulihesabu mara ya kwanza, akakosekana mmoja. Tukahesabu mara ya pili, yule yule. Mtoto wa miaka sita. Hatutaeleza tulivyojisikia, kila mzazi aliye hapa anajua. Tulimtafuta karibu saa mbili nzima, tukiangalia ardhi kwa jicho moja na maji kwa jicho lingine.

Tulimkuta kwa mama mmoja anayeanika ndagala. Amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakula bugali, wala hakulia. Mama yule alitutazama kutoka fulana mpaka viatu, akasema: "Munaleta batoto makumi sita na bakubwa bane! Muko na akili kweli? Bazazi babo bako wapi?"

Swali lake ni zuri kuliko ripoti yote tuliyoandika kuhusu siku ile. Bazazi babo bako wapi? Kuanzia hapo gari hatujakodi tena. Fulana zilizobaki tumezigawa, na bango ninyi mnalijua, ndilo linalokinga jua pale mlangoni.

Sasa turudi kwa "juu ya nini".

Wengi wetu tuliokaa ndani ya nyumba hii tulivuka ziwa usiku. Mwaka 1996 wengine, 1998 wengine, na wengine baada ya hapo. Sisi tunaosema nanyi leo tulivuka tukiwa watoto, tumelala chini ya mtumbwi, tumefunikwa kikwembe, tumeambiwa tusikohoe. Tulifika Kigoma. Wengine walipelekwa Lugufu, wengine Nyarugusu. Kambi zile zilikuwa barani, mbali na maji. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu aliweza kufika miaka kumi na tano bila kuona ziwa hata siku moja. Alilijua kwa masimulizi tu, na masimulizi yenyewe yalikuwa ya usiku ule.

Kisha tukarudi. Kuanzia mwisho wa mwaka 2005 wengi walirudi kwa meli, Kigoma mpaka Baraka, na magodoro, na mabati, na watoto waliotapika njia nzima. Wengine walirudi baadaye kwa nguvu zao wenyewe, kupitia Burundi, wakaingia kwa mpaka wa Kavimvira. Kwa karatasi tumerudi. Lakini hebu angalieni nyumba zetu. Tunaishi Uvira, mji uliobanwa kati ya mlima na maji, mahali ambapo huwezi kutembea nusu saa bila kukutana na ziwa, na kuna familia za chama hiki ambazo hazijawahi kwenda pale pamoja. Siyo kwa kukosa feza. Pwani haina kiingilio. Baba anaogopa, mama anaogopa, hakuna anayesema anaogopa. Mtoto akiuliza, anaambiwa: "Kule kuna mamba." Ni kweli kuna mamba, na viboko pia wanatoka jioni. Lakini si mamba tu wanaomkataza baba yule.

Basi mtoto anafanya nini? Anaenda mwenyewe. Bomba likikauka siku mbili, nani anatumwa na bidoni? Yeye. Anafika ziwani akiwa na miaka minane, peke yake au na wenzake wa rika lake, bila mtu wa kumwonyesha wapi panaporomoka ghafla. Na ziwa letu linaporomoka ghafla. Hili ni ziwa la pili duniani kwa kina, ndani kule linapita mita 1,400. Hatua tatu maji ya magoti, hatua ya nne hakuna chini. Halafu anachota, na kwa sababu ana kiu anakunywa hapo hapo. Kolera ya Uvira, ile ambayo tuliotoka Tanzania tunaiita kipindupindu, hatuhitaji kuwaeleza.

Ndiyo jibu letu kwa baba yule, na tunaomba radhi limechelewa. Mtoto atafika ziwani, tupende tusipende. Sisi tunauliza tu atafika na nani mara ya kwanza.

Tangu tulipoacha gari, mambo yanakwenda hivi. Familia mbili, tatu, zisizidi nne. Mzazi na watoto wake mwenyewe, anawashika mkono. Katika kila kundi kuna familia moja inayolijua ziwa, yaani watu ambao hawakuondoka au waliorudi zamani, mvuvi, muuza samaki, mtu wa pwani. Tunatembea kwa miguu. Maji ya kunywa yanatoka nyumbani, yametiwa klorini. Wale vijana wa kujitolea wanaotia dawa kwenye bidoni kwa bomba la sindano wametufundisha kipimo. Sabuni ipo. Mtoto anapelekwa chooni kabla ya kutoka. Tukifika, wa kwanza kuulizwa ni mvuvi, siyo sisi: leo wapi pazuri, wapi wameona kitu? Akisema hapana, tunakaa juu, tunaangalia, tunarudi.

Muda wenyewe ni mfupi. Tunatoka saa tisa, na saa kumi na moja jua tayari linaingia nyuma ya milima ya Mitumba, mji wote unakuwa kivuli wakati upande wa Burundi bado kunang'aa. Hapo kuna jambo moja ambalo hatukulipanga. Waliokaa Kigoma mjini wanakumbuka: kule jua linazama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo. Kila jioni watu walikuwa wanalitazama wakisema, liko kwetu sasa. Mama mmoja aliwaambia hivyo watoto wake tukiwa Kimanga, wamekaa kwenye mchanga. Mkubwa akageuka kutazama mlima, akageuka tena kutazama maji, akauliza: "Sasa liko kwetu, mbona tumelipa mgongo?" Mama alicheka mpaka akafuta macho. Alituambia baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuwasimulia Kigoma bila kuwasimulia njaa.

Watoto wanauliza, hiyo ndiyo kazi yao, na sisi wenye diploma tumeaibika mara nyingi. Kijana wa miaka tisa alituuliza maji haya yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Ruzizi tuliijua, kila mtu hapa anaijua, inaleta maji kutoka ziwa Kivu. Lakini yanakwenda wapi? Tukababaika. Mzee mmoja aliyewahi kusafiri na boti za mizigo mpaka Kalemie ndiye aliyemjibu, akichora kwa kijiti: ziwa lote hili, kilomita zaidi ya mia sita, nchi nne zinachota, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie. Lukuga unaingia Lualaba, Lualaba ndiyo inayokuwa mto Kongo, unapita Kisangani, unapita Kinshasa, unaishia baharini kule Moanda. Kijana akatupa kipande cha muwa. "Kitafika Kinshasa?" Mzee akasema: "Kama hakuna mtu atakikula njiani."

Na mlango huo mmoja unaeleza jambo ambalo wengi wenu mmelipata kwa hasara. Mvua zikizidi miaka kadhaa, maji yanaingia kwa milango mingi na kutoka kwa mmoja, ziwa linapanda, na kushuka kwake ni polepole sana. Tumeliona 2020 na 2021, tumeliona tena 2024. Wazee wanakumbuka pia kupanda kule kwa miaka ya sitini. Nyumba za pwani zimeingia majini, na watu waliohama kwa vita wamehama tena kwa maji.

Kuhusu hilo tuna baba mmoja, mwanachama, ametuhusu tuseme lakini bila jina. Anabeba mizigo. Anatoka watoto wamelala, anarudi wamelala, na Jumapili alikuwa analala yeye. Tulipomwita kwenye matembezi alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema ukweli: mahali ambapo baba yake alikuwa anafunga mtumbwi, na ambapo yeye alizaliwa, hapapo tena, ni maji. "Nitabaonyesha nini? Maji?" Mke wake ndiye aliyemvuta. Wakafika, akasimama muda mrefu, kisha akanyoosha kidole ndani ya ziwa: pale palikuwa na mti wa mwembe, pale mlango, pale mzee alikuwa anakaa kushona nyavu. Watoto watatu wakatazama maji matupu kwa heshima kabisa, kama mtu anayeonyeshwa kanisa. Mdogo akaokota jiwe akalirusha pale pale kwenye mlango, akasema: "Hodi!"

Baba alituambia siku hiyo alilala vizuri. Hatujui hilo linaandikwa kwenye kolamu gani ya ripoti.

Si wote wanaopenda maji, na hatulazimishi mtu. Kuna mama ambaye nyumba yake ilichukuliwa na Mulongwe usiku ule wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne mwaka 2020. Watoto wake waliokoka, shukrani kwa Mungu, lakini tangu siku hiyo hakuvuka daraja na watoto kwa miguu. Akilazimika, wote wanapanda moto, anamwambia motari aende mbio, na anawafunika uso kwa kikwembe. Binti yake wa pili alianza kujikojolea kila mvua inaponyesha. Mama huyu hatukumwambia neno "saikolojia". Tulimwomba tu tutembee naye mpaka darajani mwezi wa saba, wakati wa kipwa, wakati Mulongwe ni vijito vidogo kati ya mawe makubwa na watu wanafua nguo pale chini.

Mara ya kwanza aliishia kwenye kona, akanunua mikate ya mafuta, akarudi. Hayo pia tuliyahesabu kama matembezi. Mara ya pili alifika. Binti alishika chuma cha daraja akaanza kuhesabu mawe, akafika mia moja na kitu, akachoka. Kisha mama akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa mashirika angelifikiri. Akamwambia: "Sikiliza sauti yake. Hii ndiyo sauti yake nzuri. Siku ukisikia anasaga mawe, anavuma kama gari linalopanda mlima, usiningoje, usitafute viatu, shika mkono wa mdogo wako mupande juu." Akamwonyesha njia ya kupanda, wakaitembea pamoja mpaka kwa nyumba ya shangazi. Akarudia mara mbili. Mvua zilipoanza, binti alikuwa anaamka usiku, anasikiliza, anasema "bado nzuri", analala. Kujikojolea hakujaisha kabisa, tusidanganyane. Kumepungua.

Tunajua wengine wanasema mambo ya kutembea ni ya Wazungu na ya watu wenye motokari. Hapana. Wazee wetu wa pwani walikuwa wanakwenda na watoto kila mahali, kuvuta nyavu, kuanika, kupeleka mihogo Jumamosi sokoni. Mtoto alijifunza kwa kufuata. Kambi ndiyo iliyotuzoeza mtoto abaki kwenye plot yake na mzazi asimame kwenye foleni ya posho. Tulizoea vibaya, siyo kosa la mtu. Na watoto wetu wana haya zao pia: wanachekwa shuleni kwa Kiswahili cha Tanzania, wakisema "dagaa" darasa zima linapiga kelele "ndagala!" Mtoto mmoja alikataa kabisa kusema jina la samaki, akawa anaonyesha kwa kidole. Baada ya Jumapili mbili na watoto wa wavuvi sasa anajua mukeke, anajua sangala, anajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika maana taa zao hazivuti samaki. Juzi alikuwa anamfundisha mwalimu wetu mmoja kutoka Bukavu, na mwalimu aliandika.

Sasa feza. Baba wa daftari, jibu lako hili hapa. Mafuta na kukodi gari siku ile moja ya kwanza vilikula zaidi ya vyote tulivyotumia tangu pale kwa sabuni, dawa ya maji, bidoni kumi, kamba mbili na mikate. Hatuombi mstari uongezwe. Tunaomba upunguzwe, na sehemu ya gari tuliyokuwa tumeiandika ihamie kwenye sanduku la dharura, kwa ajili ya mama yule wa turubai kwanza. Tumeongea na kamati, imekubali kuleta jambo hilo kwenu. Minervali hatutailipa kwa mstari huu hata tukiufuta wote, ungetosha mtoto mmoja kwa muhula mmoja. Mkiona huyo mtoto mmoja ni bora, semeni, tutawafuata. Sisi tunaona hapana, lakini feza ni yenu.

Kwa wafadhili tuna ombi gumu kidogo. Mnatuuliza idadi ya watoto na mnatuomba picha. Idadi tutawapa, itakuwa ndogo, familia tatu au nne kwa Jumapili, na Jumapili za mvua hakuna. Picha tunaomba mtusamehe. Mara ile ya kwanza watoto walitazama kamera kuliko ziwa, na mama akijua anapigwa picha anavaa kitenge cha harusi, hashuki mchangani. Mkitaka kuona, njooni. Mtatembea kwa miguu kama wengine, na mtabeba bidoni.

Kitu kimoja tu ndicho tunachokitafuta na hatuna: watu. Familia zinazolijua ziwa ni chache na zimechoka, maana wanaombwa wale wale. Kama wewe ni mvuvi, kama unauza samaki, kama ulikulia Kalundu au Kilibula au Mboko, kama hukuondoka, tunakuomba Jumapili moja kwa mwezi. Hulipwi. Utapewa mkate na utaulizwa maswali.

Jumapili ijayo familia tatu zinakwenda, na moja kati yao haijawahi. Tunakutana hapa mbele ya mlango, chini ya bango, saa tisa. Kila mzazi na watoto wake, viatu vya plastiki, nguo ya kubadilisha. Mama yule wa ndagala amekubali kutungojea pwani, na ametuambia atahesabu watoto yeye mwenyewe wakifika na wakiondoka, maana sisi hatuamini bado.